Kuomba chuo cha muziki Ujerumani ukiwa Moshi: anza na video

Tangu nipate barua ya chuo, wadogo zangu wa matarumbeta wananipigia simu kila siku. Naandika ili kila mmoja apate maelezo kamili.

Vyuo vya muziki vya Ujerumani haviangalii vyeti peke yake, vina mtihani wao wa kuingia. Kwa masomo yanayoanza Oktoba, vingi hufunga maombi kati ya Machi na Aprili, na kabla ya kukuita kwenye mtihani vingi hutaka video. Hapo ndipo nilipopoteza mwaka mzima.

Nilipiga trombone vipande vitatu kwa siku tatu tofauti. Kijana wa studio akaviunganisha, akaongeza na mwangwi ili sauti inenepe. Maelekezo yalisema kila kipande kipigwe mwanzo hadi mwisho bila kukatwa, mikono na uso vikionekana. Mstari ule sikuusoma. Jibu lilikuja na sentensi mbili tu, nikalisoma nimesimama stendi na nauli mkononi.

Basi rekodi Januari au Februari. Ukingoja Machi, masika yanakukuta, na chini ya bati mvua inaishinda ala yoyote. Mara ya pili niliomba funguo za kanisa usharikani, nikaingia alfajiri kabla bodaboda hazijaamka. Simu niliiweka juu ya stendi ya noti, hatua nne kutoka nilipo. Ikikaa karibu zaidi, sauti inapasuka. Nilirudia kipande kimoja mara kumi na moja. Fanya hivyo hivyo, usimpe mtu akurekebishie.

Jambo jingine linaloumiza watu wetu: tumelelewa na do-re-mi ya kwaya, lakini mtihani unataka noti za mistari mitano, nadharia, na sikio la kutambua wanachokupigia kwenye piano. Makumira, pale Usa River, wanafundisha muziki mpaka shahada. Tafuta mwanafunzi wa pale akufundishe Jumamosi. Mimi, mwanafunzi kama huyo ndiye aliyenivusha.

Kuhusu karatasi, hakikisha jina ni lile lile kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA na kitambulisho cha NIDA. Ukiwa Yosefu huku na Joseph kule, anza na kiapo cha jina kabla hujaomba pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000. Kijerumani kianze mapema pia; mitihani yake iko Goethe-Institut, Dar es Salaam.

Vyuo vya serikali kwa kawaida havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Mzigo mkubwa ni akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ya benki unayoweka pesa za kuishi kule kama uthibitisho wa visa: euro 11,904 kwa mwaka, nawe unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Kaa na wazazi na ukoo mlizungumze hili kabla hujarekodi hata noti moja, maana pesa hiyo haichangishwi kwa wiki mbili.

Visa inaombwa ubalozini Dar es Salaam, ada euro 75. Omba miadi mara tu upatapo barua. Ukiitwa kufanya mtihani kule kule, usiende kwa visa ya matembezi ukitegemea kubaki. Hata ukifaulu, utarudishwa nyumbani kuomba upya. Omba ile ya mtu anayetafuta nafasi ya chuo; hiyo unaweza kuibadilisha ukiwa huko.