Umeshinda Kesi ya Madai na Hulipwi? Jinsi ya Kuomba Kukaza Hukumu Tanzania

Mahakama haiendi kukukusanyia deni bila kuombwa. Mdaiwa akinyamaza, ni wewe mshinda tuzo (uliyeshinda kesi) unayerudi na maombi ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza kwa nguvu ya mahakama. Utaratibu ufuatao ni wa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake.

Anza kwa kuchukua nakala ya hukumu na ya tuzo, yaani amri rasmi inayotaja unachostahili kulipwa. Hakikisha kiasi, riba na gharama za kesi vimeandikwa sawasawa. Una miaka 12 ya kuomba, ila ukichelewa zaidi ya mwaka mmoja mdaiwa ataitwa kwanza aeleze kwa nini hukumu isikazwe, na hapo ndipo mapingamizi huanza.

Kabla ya kugusa fomu, tafuta mali. Maombi mengi hukwama hapa, kwa kuwa mwombaji ameandika "mali zake zote" akidhani dalali wa mahakama, anayekamata na kuuza mali, atajua la kufanya. Dalali hutembea na hati ya mahakama, wala si na hasira zako. Kama ni gari, andika aina na namba ya usajili. Kama ni kiwanja, fanya upekuzi (ukaguzi wa rejista ya umiliki) kwa Msajili wa Hati, uandike namba ya kiwanja, kitalu na mahali kilipo. Usipoteze wino kwa nguo, matandiko, vyombo vya kupikia, zana za fundi, wala nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake: sheria inazikinga. Ile nyumba ya pili aliyoipangisha, hiyo iandike.

Sasa jaza maombi: namba ya kesi, majina ya pande zote, tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa, kiasi ulichokwisha kulipwa, kinachodaiwa, na njia unayotaka, kwa mfano kukamata na kuuza mali. Kumfunga mdaiwa kunawezekana pia, lakini posho yake gerezani unalipa wewe. Watu wengi wakisikia hivyo hurudia orodha ya mali. Saini, thibitisha, wasilisha, lipia kwa kontroli namba.

Maombi yakikubaliwa, mahakama humpa kazi dalali wa mahakama. Kwa kanuni za mwaka 2017, dalali lazima awe na cheti cha mafunzo kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Haingii nyumba ya kuishi baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza. Mlango wa nje havunji ila nyumba iwe mikononi mwa mdaiwa na mdaiwa mwenyewe akatae kufungua. Chumbani kukiwa na mwanamke asiyetokea hadharani kwa mila, humpa kwanza nafasi ya kuondoka. Ukiandamana naye, usimshinikize aruke hayo.

Mali ikikamatwa, tangazo la mnada hubandikwa: angalau siku 15 kwa inayohamishika, 30 kwa nyumba au ardhi. Mtu mwingine akidai mali ni yake, mahakama itamsikiliza kwanza, kwa hiyo tunza ushahidi wa upekuzi wako.

Mdaiwa akikulipa chochote mkononi kabla ya mnada, ijulishe mahakama kwa maandishi ili kiingie kwenye jalada na kiuzwe kinachotosha deni lililobaki tu.