Sleji ya Mfalme Ludwig kwa skeli ya 1:12: kuanzia kitelezi hadi taa ya taji

Kwenye kasri la Nymphenburg, mjini Munich, Ujerumani, mabanda ya zamani ya farasi wa mfalme siku hizi ni makumbusho ya magari ya kifalme, yaitwayo Marstallmuseum. Humo zimo sleji za Mfalme Ludwig II wa Bavaria. Sleji ni gari lisilo na magurudumu, linaloburutwa na farasi juu ya theluji. Lakini ukisimama mbele ya hizi unasahau kwamba ni chombo cha kusafiria. Mimi nimekulia Tanga, kwenye karakana ya mjomba wangu aliyekuwa akichonga milango, na macho yangu yalizoea nakshi iliyolala juu ya ubao. Hapa nilikuta nakshi iliyosimama, inayopanda na kujikunja hewani, yote imevaa dhahabu. Tangu siku hiyo natengeneza sleji ndogo, na katika mwongozo huu naeleza ninavyoifanya ile ninayoipenda kuliko zote: sleji ya malaika watoto wanaoinua taji.

Kwanza ielewe yenyewe. Ludwig alitawala kuanzia 1864 hadi 1886. Alikuwa na mazoea ya kulala mchana na kukesha, na wakati wa baridi alikuwa akitoka usiku kupita milimani karibu na kasri lake la Linderhof. Mchoraji Richard Wenig alichora safari moja ya namna hiyo: farasi weupe, wapanda farasi waliovaa mavazi ya karne iliyotangulia, theluji ya buluu, na mwanga unaotoka kwenye sleji yenyewe. Taji lile la mbele liliwekewa taa ya umeme, betri ikafichwa chini ya kiti. Huyu ndiye mfalme aliyejengewa pango la bandia huko Linderhof na kuliwashia taa za umeme kwa dainamo, yaani mashine ya kuzalisha umeme, wakati ambapo watu wengi Ulaya hawajaona umeme kwa macho yao.

Kumbuka jambo hilo tangu sasa hadi mwisho. Dhahabu hii ilichongwa ionwe gizani, kwa mwanga mdogo unaotikisika. Sleji ndogo inayong'aa vizuri chini ya taa kali ya mezani inaweza kufa kabisa ukizima taa hiyo, na ikifa hivyo hujatengeneza sleji ya Ludwig.

Hatua ya 1: Tafuta vipimo kwa mwili wa mtu

Skeli ya 1:12, yaani sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kitu cha kweli, ndiyo iliyozoeleka kwa vitu vidogo vya nyumba, na inakupa nafasi ya kuchonga bila kupofuka. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, si ile ya pembeni inayopendeza. Ukikosa vipimo vya kweli, anza na binadamu. Kiti cha kukalia huwa na kimo cha kama sentimita 45 kutoka miguu inapokanyaga, kwa hiyo kwenye kazi yako ni sentimita 3.75. Kiti kipana cha mtu mmoja aliyevaa koti la manyoya, sentimita 84, kinakuwa 7. Kutoka hapo vitu vingine vinajipanga. Sleji yangu inatoka na urefu wa sentimita 22 kutoka ncha hadi ncha.

Chora mstari wa ubavu mara nyingi, kwa penseli, kwa mkono mmoja usiosita. Mtindo huu wa rokoko, urembo wa Ulaya wa karne ya 18, una mistari miwili tu, wenye umbo la herufi C na wenye umbo la S, na jina lake limetokana na neno la Kifaransa la urembo wa mawe na makombe ya baharini. Mstari ukivunjika mahali, hakuna nakshi itakayouficha. Mimi huchora siku mbili kabla sijagusa mbao.

Hatua ya 2: Vitelezi

Vitelezi ni zile pao mbili za chini zinazoteleza juu ya theluji. Watu wengi huvikata kwa msumeno kutoka kwenye plaiwudi. Usifanye hivyo. Nyuzi za mbao zitakatika pale pale kwenye mkunjo wa mbele, nawe utabaki na ncha inayovunjika kwa pumzi.

Chukua vinia, yaani ubao uliochanwa mwembamba sana, ya unene wa milimita 0.6, ikate vipande vya upana wa milimita 5, vitano kwa kila kitelezi. Viloweke kwenye maji ya moto dakika ishirini. Kata kalibu ya umbo la kitelezi kwenye kipande cha ubao mnene, uifunike kwa plastiki ya jikoni ili gundi isishike, kisha vikunje vipande vyote kwa pamoja juu yake na uvibane kwa vibano bila gundi. Viache vikauke usiku kucha. Asubuhi vitakuwa vimeshika umbo. Sasa vipake gundi nyeupe ya mbao, virudishe kwenye kalibu, bana tena, subiri siku nzima. Unapata kitelezi cha milimita 3, sawa na milimita 36 kwenye sleji ya kweli, chenye nguvu ya ajabu kwa wembamba wake.

Tengeneza vyote viwili kwa kalibu moja. Mkunjo wa kimoja ukizidi mwenzake hata kwa milimita moja, sleji nzima itaonekana imechechemea, na jicho la mtazamaji litaliona hilo kabla ya kuona dhahabu.

Sleji za kweli zilivishwa chuma upande wa chini. Bandika ukanda mwembamba wa shaba ya manjano, wa milimita 0.3, uufishe mng'ao kwa msasa. Usiupake dhahabu. Chuma kinachokwaruza barafu hakina urembo.

Hatua ya 3: Kiwiliwili

Wachongaji wa kusini mwa Ujerumani hutumia mbao za mti wa Ulaya uitwao linde, laini na zisizo na nyuzi ngumu, nami nazitumia kwa sababu zinauzwa hapa ninapoishi. Ukiwa Mombasa au Nairobi, mjakaranda uliokauka vizuri utakutosha. Mwarobaini nao huchongeka, ila harufu ya vumbi lake ni kali, vaa barakoa. Mpingo uache kwa kazi nyingine. Ni mgumu mno kwa nakshi ya kiasi hiki, na ni hasara kuuficha chini ya dhahabu.

Chonga kiwiliwili kama kombe lililofunguka: mbele kunapanda, katikati kunashuka mtu apate kuingia, nyuma kunapanda tena kushika mgongo. Ondoa mbao za nje kwanza, kisha ndani kwa bobari ndogo, yaani patasi ya makali ya mviringo, ukiacha ukuta wa milimita 2.5. Inua kazi kwenye dirisha mara kwa mara. Mahali palipokonda sana mwanga unapenya.

Chini ya kiti acha shimo la kipenyo cha milimita 22 na kina cha milimita 5. Ni makao ya betri, kama ilivyokuwa kwa mfalme.

Hatua ya 4: Nakshi na malaika watoto

Hapa ndipo subira inapohesabiwa. Majani na makombe yanayojirudia natengeneza kwa pati ya epoksi, ile ya sehemu mbili zinazokandwa pamoja. Vaa glavu, maana huwasha ngozi. Nachonga jani moja kwa uangalifu wote, nalichukulia kalibu ya silikoni, kisha napiga nakala thelathini. Lakini sizibandiki zilivyo. Kabla nakala haijakauka kabisa naikunja kidogo, namna tofauti kila moja. Nakshi ya mkono haina majani mawili yaliyofanana, na mtu asiyejua lolote kuhusu rokoko bado atahisi tofauti hiyo.

Mistari mirefu ya kingo usiichonge. Chukua uzi wa kushonea viatu, upitishe kwenye gundi iliyochanganywa na maji, uulaze kwenye mstari wako wa penseli. Kwenye mikunjo tumia nyuzi mbili zinazoachana na kukutana tena, unene wa mstari uongezeke na kupungua kama mwandiko wa kalamu ya mwanzi.

Malaika watoto wana urefu wa sentimita 3 hadi 4. Anza na waya mwembamba wa shaba nyekundu, upinde uwe mifupa, ujazie pati kidogo kidogo. Kosa la kawaida ni kuwapa miili ya watu wazima waliofupishwa. Kwa mtoto mnene wa namna hii kichwa kinaingia mara nne hadi tano katika urefu wote, si mara saba. Shingo karibu haionekani. Mkono una mikunjo kwenye kifundo kama umefungwa uzi. Na mtoto anayeinua kitu kizito hutoa tumbo mbele na kuegemeza uzito mguu mmoja. Nilimwangalia mpwa wangu akiinua ndoo ya maji ndipo nikalijua hilo, nikavunja wale wote niliokuwa nimetengeneza.

Hatua ya 5: Nyaya kabla ya dhahabu

Sleji yangu ya kwanza niliipaka dhahabu yote ndipo nikakumbuka waya. Nilitoboa, dhahabu ikabanduka, wiki tatu zikapotea.

Pitisha sasa nyaya mbili za shaba zilizopakwa vanishi, za milimita 0.15, kutoka shimo la betri, chini ya sakafu, kupitia mwili wa malaika wa kati hadi kwenye kiganja chake. Lichomee taji taa ndogo ya LED yenye mwanga wa manjano. Zile za ukubwa wa milimita 1.6 kwa 0.8 zinakaa ndani bila kuonekana. Betri ya kidonge ya volti 3 aina ya CR2032 inaiwasha moja kwa moja. Ukiunganisha umeme mwingine wenye nguvu zaidi, weka rezista, kifaa kidogo cha kupunguza umeme. Ijaribu taa mara kumi kabla ya kuendelea.

Hatua ya 6: Dhahabu

Mafundi wa zamani walipaka mbao tabaka nyingi za unga laini wa chaki uliochanganywa na gundi iliyopikwa kutoka ngozi ya wanyama, wakausugua, wakapaka udongo mwekundu, ndipo wakalaza jani la dhahabu na kuling'arisha kwa jiwe laini la akiki mpaka likawa kama chuma kilichoyeyushwa. Kila tabaka lina kazi yake. Chaki inaficha nyuzi za mbao, udongo unalainisha na kuipa dhahabu joto.

Kwa kazi ndogo, tabaka nyingi zitajaza nakshi na kuimeza. Paka mbili tu, nyembamba kama maziwa, usugue kwa msasa namba 600 kisha 1000. Halafu paka rangi nyekundu ya udongo, ile ya matofali yaliyochomwa. Usiruke rangi hii. Jani la dhahabu lina unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, mwanga karibu unapenya, na kilicho chini yake kinatokeza kwenye kingo.

Usitumie jani la bandia la shaba. Ni nene, halishiki kwenye mikunjo midogo, na lisipofunikwa kwa vanishi linageuka kahawia. Nunua kijitabu kimoja cha dhahabu ya kweli. Huwa na majani 25 ya milimita 80 kwa 80, na sleji ya ukubwa huu inakula chini ya nusu yake. Gharama inauma mara moja.

Paka gundi maalumu ya mafuta kwa brashi ndogo, nyembamba kabisa, isipokuwa sehemu za juu nitakazozitaja hapo chini, na usiache ituame kwenye mashimo. Subiri mpaka ukiigusa kwa kifundo cha kidole inanata kidogo na kutoa sauti. Funga madirisha, zima feni, na usiongee juu ya kazi. Kata jani vipande vidogo, livute kwa brashi bapa iliyopitishwa shavuni mara moja ipate mafuta ya ngozi, lilaze. Mianya ijaze kwa makombo yaliyobaki. Siku ya pili futa kwa brashi laini.

Sasa linakuja jambo linaloamua kila kitu. Dhahabu ya gundi ya mafuta haikubali kung'arishwa kwa jiwe, kwa hiyo sehemu za juu kabisa, yaani mashavu, magoti, migongo ya majani na ncha za taji, usizipake gundi hiyo. Huko tumia udongo mwekundu na gundi ya ngozi, lowesha kwa maji yenye pombe kidogo, laza jani, na likikauka sugua taratibu kwa akiki. Utapata dhahabu za aina mbili kwenye sleji moja, moja imefifia, nyingine kama kioo. Mchana tofauti yake ni ndogo. Usiku ndiyo inayochora umbo.

Hatua ya 7: Kiti

Bavaria ina rangi nyeupe na buluu, nami huchagua buluu. Mahameli ya kawaida ina manyoya marefu mno kwa skeli hii. Tumia hariri nyembamba juu ya sponji ya milimita 3, uivute chini kwa mishono midogo. Kiti kisibandikwe, kiinuke kwa kucha ili ubadilishe betri.

Hatua ya 8: Izime taa ya chumba

Weka sleji juu ya ubao uliopakwa gundi na kunyunyiziwa unga wa marumaru mweupe. Subiri usiku. Zima taa zote, washa taji, kisha kaa chini macho yako yawe sawa na kiti cha mfalme.

Angalia mwanga unapoangukia. Uso wa malaika wa kati unapaswa kuonekana kwanza, halafu ukingo wa S unaoshuka ubavuni, halafu ncha za vitelezi, hafifu, kama zinatoka kwenye theluji. Kama uso umepotea, rudi na akiki kwenye shavu moja tu, lile linalotazama taa. Kama kila kitu kinang'aa sawa, umesugua kupita kiasi. Paka vanishi ya rangi ya chai, nyembamba, kwenye mashimo ya nakshi, uache ikauke, usubiri usiku mwingine, uangalie tena.