Somo: Kusoma ukabakiwa na kitu

Assalam aleikum, na habari za jioni kwa nyote. Wengi mnaniuliza mtasomaje haraka. Mimi nawataka kwanza msome mkaelewa, kwa sababu kasi bila kuelewa ni kupoteza jioni nzima.

Hatua ya 1: jua unasoma nini. Gazeti ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, pitisha macho tu. Ukikuta la kukuhusu, tua. Barua ya benki, maelezo ya dawa au mkataba wa nyumba havipitishwi macho.

Hatua ya 2: kizunguke kitabu kabla hujaingia. Tazama yaliyomo, vichwa vidogo, na aya ya mwisho ya sura, kisha andika maswali mawili matatu unayotaka yajibiwe. Mmarekani Francis P. Robinson aliutoa mpango wa aina hii kwa wanafunzi miaka ya 1940: tazama, uliza, soma, jisimulie, rudia. Hiyo ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Hatua ya 3: soma na penseli mkononi. Hapa nitakaa kidogo. Chukua kifungu kama hiki: “Mpangaji atakayehama bila ya notisi ya mwezi mmoja hatarudishiwa dipoziti.” Jicho haliufuati mstari moja kwa moja, huruka na kutua, kila mtuo kama robo ya sekunde hivi. Na Kiswahili chetu hukanusha kwa silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Ukisoma kwa pupa, ile “ha” inakupita, unatia sahihi ukiamini pesa zitarudi. Basi weka ncha ya penseli chini ya kila kitenzi ujiulize: nani anafanya, lini, anamfanyia nani, na je, kimekanushwa? Watoto wa madrasa hufuatisha kijiti chini ya aya wanaposoma. Sisi wakubwa tumekiacha tukiona ni utoto, na ni hasara yetu.

Usipige mstari ukurasa mzima, maana hapo hujachagua kitu. Alama ndogo pembeni yatosha. Kitabu cha maktaba usikichore kabisa, tia vijikaratasi.

Hatua ya 4: funga kitabu, ujisimulie. Kwa mdomo au kwa sentensi tatu daftarini. Ukikwama, umeshajua pa kurudi. Kesho yake jisimulie tena kabla ya kufungua, na tena baada ya wiki.

Saa nzuri, kwa joto letu la pwani, ni baada ya alfajiri.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kisauni:* Mwalimu, nikisoma nasikia sauti kichwani inayatamka maneno. Naambiwa inanichelewesha. Niizime vipi?

Usiizime, ndugu yangu. Sauti hiyo hukusaidia kuelewa, hasa maandishi yakiwa magumu. Katika makala iliyotoka mwaka 2016, mtafiti wa usomaji Keith Rayner na wenzake walizipitia tafiti za kusoma kwa kasi, wakaona ukiongeza mwendo sana, uelewa unapungua. Kinachoongeza kasi ya kweli ni kujua maneno mengi, na hayo huja kwa kusoma sana.

*Mama wa Majengo:* Mwanangu, nikisoma kwenye simu hakuna kinachokaa.

Shikamoo mama. Zima data kwanza, ujumbe usikukatize. Kuza herufi mpaka usikunje uso. Makala ndefu ambayo ni muhimu kwako, ipeleke saiba ikachapishwe, uisome na penseli.

*Msomaji wa Bamburi:* Kitabu kisiponivutia nikimalize tu?

Kama si cha mtihani, kiache. Vitabu ni vingi.

*Mwanafunzi wa Likoni:* Mashairi hayaniingii hata nikirudia mara ngapi.

Kijana wangu, unayasoma kimya? Shairi letu la kawaida lina mizani (yaani silabi) 16 kwa mshororo, nane na nane, na vina viwili: katikati na mwisho. Tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa hapa hapa Mombasa enzi za utawala wa ukoo wa Mazrui, zilitungwa zisikiwe. Toa sauti, pumzika kidogo baada ya mizani nane, na ukifika kwenye kina usikimbie. Ukimaliza ubeti mmoja, useme upya kwa maneno unayotumia nyumbani. Ukiweza, nenda wa pili. Ukishindwa, tafuta lile neno moja linalokuzuia, mara nyingi ni la Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha zamani. Muulize mzee yeyote wa Mji wa Kale, atakueleza.