ORP: kuipima, na kuielewa ile namba ya milivolti

Wengi wakishika mita ya ORP (kipimo cha nguvu ya maji kunyang'anya au kutoa elektroni, kwa milivolti, mV) swali la kwanza ni "namba nzuri ni ngapi?" Ngoja kwanza ujue inapima nini. ORP inaonyesha maji yako yanavutia upande gani wa elektroni, ikisoma chanya sana basi maji yananyang'anya elektroni, yaani yana nguvu ya oksidesheni, ikienda hasi yanazitoa. Kiasi cha klorini kilichomo haikuambii, hicho pima kivyake.

Kile kijiti cha mita unachotumbukiza kwenye maji kina sehemu mbili: platinamu inayogusa maji, na elektrodi ya rejea, mara nyingi fedha na kloridi ya fedha ndani ya kloridi ya potasiamu. Mita inasoma tofauti ya volti kati ya hizo mbili, basi. Kwa hiyo mtu akikwambia kapata 650 muulize kwa rejea ipi, maana hiyo ya fedha iko juu ya rejea ya haidrojeni kwa karibu mV 200, so 650 yake kwenye vitabu vya kemia itasomeka kama 850 hivi.

Kabla ya kupima, jaribu mita kwenye maji ya kipimo, yaani yale ambayo ORP yake inajulikana tayari. Yanayoitwa ya Zobell yanatakiwa yasome karibu mV 230 kwenye nyuzi 25 kwa rejea ya fedha. Ikipishana sana usianze kuchezea vitufe, nyingi ni uchafu tu kwenye platinamu, mafuta au utelezi wa bakteria, safisha urudie. Halafu suuza, tumbukiza, koroga taratibu na usubiri namba itulie, na hapa ndo watu wanaharibu, wanasoma baada ya sekunde kumi wakati maji masafi yasiyo na dawa yanaweza kuchukua dakika nyingi na bado namba ikatembea.

Andika na pH na joto pembeni. Kwenye bwawa la kuogelea wengi wanalenga 650 mpaka 750, lakini pH ikipanda ORP inashuka hata kama klorini ni ile ile, kwa sababu asidi ya haipoklorasi, ile klorini yenye nguvu, inageuka kuwa haipokloriti ambayo ni dhaifu. Asidi ya sianuriki, ile dawa ya kukinga klorini na jua, nayo inaishusha, so usimwage klorini kabla hujaangalia hivyo viwili.

Ukimaliza hifadhi kijiti kwenye maji ya kloridi ya potasiamu, sio maji ya betri wala yaliyotoneshwa, hayo yanafyonza chumvi ya rejea na namba zinaanza kuhama.