Somo: Kuwafundisha Chipukizi Sheria za Soka Wanazobishania na Mwamuzi

Somo hili linawahusu walimu wa michezo, makocha wa timu za mitaani na waamuzi wanaoanza, hasa wanaosimamia vijana wadogo katika viwanja vya Arusha kama vile vya Ngarenaro, Sombetini na Unga Limited, ambako mistari huchorwa kwa majivu au kwa ncha ya jembe na ifikapo kipindi cha pili imekwisha kufutika. Sheria za soka ni 17 tu, na bodi inayozisimamia, IFAB, iliundwa mwaka 1886, lakini vijana wetu wengi hawajawahi kuzisoma. Wamezipokea kwa kaka zao, kwa watangazaji wa redio na kwenye vibanda umiza. Nionavyo mimi, makosa yao karibu yote yana mzizi mmoja: kijana hutazama jambo lilivyoishia, ilhali sheria humtaka mwamuzi atazame lilivyotendeka.

Hatua ya kwanza: Yasikilize madai yao

Usianze kwa kuwasomea kitabu. Keti nao chini ya mti, mwambie kila mmoja ataje uamuzi uliowahi kumuudhi, kisha uyaandike maneno yake kama alivyoyasema. Hutakosa kusikia haya: "Mpira umemgusa mkononi, amenawa." "Nimeucheza mpira kwanza, refa!" "Alikuwa mtu wa mwisho, mpe nyekundu." "Amebaki yeye na kipa, ameotea." Usimcheke yeyote wala usisahihishe lolote kwa wakati huo.

Hatua ya pili: Kuotea

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu. Chora mstari mmoja wa chokaa kukatiza uwanja, beki asimame juu yake, kipa awe golini, mshambuliaji awe sambamba na beki, na mpiga pasi awe nyuma yao kwa mita kumi na tano hivi. Mpe kijana wa tano kibendera, asimame pembeni ya uwanja usawa wa chokaa, na umkataze kumtazama mpiga pasi: kazi yake ni kutazama chokaa na kusikiliza mguu ukiugonga mpira. Akisikia mlio huo, apaze sauti, "Hapo!"

Mara za mwanzo atachelewa, kwa kuwa macho yatakuwa yameufuata mpira, na katika kuchelewa huko mshambuliaji mwenye mbio atakuwa amekwisha kumwacha beki kwa hatua mbili au tatu. Msimamishe kila mtu, kisha uwaonyeshe alama za njumu vumbini: hapa ndipo mshambuliaji alipong'oa mguu pasi ilipopigwa, na kule ndipo alipoupokea mpira. Wakiziona alama hizo mbili kwa macho yao, ubishi hupungua kuliko wangehubiriwa asubuhi nzima.

Ndipo uwape sheria yenyewe. Mchezaji yuko mahali pa kuotea iwapo, pasi inapopigwa, sehemu yoyote ya kichwa, kiwiliwili au miguu yake iko katika nusu ya wapinzani, tena iko karibu zaidi na mstari wao wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi, na aliye sawa na mpinzani huyo hajaotea. Kuwa mahali hapo si kosa mpaka aingilie mchezo kwa kuucheza mpira, kumsumbua mpinzani au kufaidika na nafasi ile. Sisitiza kwamba kipa ni mpinzani kama wengine, kwani vijana humsahau: kipa akitoka mbali na goli na nyuma akabaki beki mmoja tu, mshambuliaji aliyempita kipa kabla ya pasi anaweza kuwa ameotea ingawa beki yule bado yuko mbele yake. Kwenye mpira wa kurusha, kona na goli kiki, anayepokea moja kwa moja hawezi kuadhibiwa kwa kuotea.

Hatua ya tatu: Kunawa

Mwambie kijana aruke kupiga kichwa akiwa amefunga mikono nyuma, halafu aruke tena akiwa huru. Wote wataona kwamba arukaye huinua mikono ili asiyumbe. Baada ya hapo ni rahisi kueleza kuwa mpira kugusa mkono hakutoshi kuwa kosa: mwamuzi hujiuliza kama mchezaji alikusudia, au kama mkono wake uliufanya mwili kuwa mkubwa kwa namna ambayo mwendo wake haukuuhitaji. Mkono huanzia usawa wa chini ya kwapa, kwa hiyo bega halimo. Jambo moja huwashangaza: mfungaji ambaye mpira umemgusa mkononi na kuingia golini, au akafunga papo hapo baada ya kuguswa, goli lake hukataliwa hata kama ni bahati mbaya.

Hatua ya nne: Rafu na "mtu wa mwisho"

Kuugusa mpira kwanza si kinga. Sheria hupima jinsi mchezaji alivyomwendea mwenzake: kwa uzembe, ni mpira wa adhabu bila kadi; bila kujali hatari kwa mwenzake, ni kadi ya njano; kwa nguvu zilizopita kiasi au kwa kuhatarisha usalama wa mwenzake, ni nyekundu. Anayeteleza kwa miguu yote miwili, njumu zikiwa juu, anaweza kuugusa mpira na bado akatolewa nje.

Kuhusu "mtu wa mwisho", yaani beki aliyebaki peke yake mbele ya kipa, maneno hayo hayamo katika sheria. Kilichomo ni kuzuia nafasi ya wazi ya kufunga, nayo hupimwa kwa mambo manne: umbali wa kosa hadi golini, uelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mahali walipo mabeki pamoja na idadi yao. Kosa likifanyika ndani ya eneo la penalti na beki alikuwa anajaribu kuucheza mpira, mwamuzi hutoa penalti na njano badala ya nyekundu.

Hatua ya tano: Wape filimbi

Katika mechi ya mazoezi, mbadilishe mwamuzi kila baada ya dakika chache, na anayebishana zaidi awe wa kwanza. Manahodha pekee ndio waruhusiwe kumwuliza swali. Anayelalamika daima kwamba refa ni kipofu hugundua mara moja kwamba akisimama nyuma ya mchezaji haoni kitu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Pasua, Moshi: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu alivukwa na kiatu kwa bahati mbaya, akafunga kwa mguu mtupu. Refa alikubali goli. Je, ni halali?

Jibu: Marahaba. Ni halali. Anatakiwa akivae upesi, na asipitilize wakati mpira utakapotoka nje ya mchezo.

Mwanachama wa Sakina: Binti yangu huvaa bangili ya shanga aliyopewa na bibi yake. Tukiifunga kwa plasta, ataruhusiwa kucheza?

Jibu: Hapana. Mapambo yote huvuliwa, na kuyafunika kwa plasta hakukubaliki. Umtunzie wewe hadi mechi iishe.

Mwanachama wa Kaloleni: Kipa akikaa na mpira mikononi, tunahesabu sekunde sita au nane?

Jibu: Tangu tarehe 1 Julai 2025 ni nane, na akizipitisha wapinzani hupewa kona, si tena mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Mwamuzi huonyesha sekunde tano za mwisho kwa kuinua mkono.

Mwanachama wa Njoro, Moshi: Beki aliunyanyua mpira kwa mguu, akaupiga kichwa kumpa kipa wake, kipa akaudaka. Nilidhani kichwa kinaruhusiwa.

Jibu: Kichwa cha kawaida kinaruhusiwa. Huyo wako alifanya hila ya kuikwepa sheria iliyoanza mwaka 1992 ya kumkataza kipa kudaka mpira aliopigiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi. Hupewa njano, na wapinzani hupata mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, hata kama kipa hakuushika.

Mwanachama wa Sombetini: Refa aliacha mchezo uendelee baada ya rafu, kisha akapuliza filimbi tulipokwisha kupoteza mpira. Wapinzani walisema amechelewa makusudi ili atubebe.

Jibu: Hakuwabeba. Mwamuzi anaruhusiwa kusubiri sekunde chache aone kama aliyechezewa rafu atafaidika, na faida isipopatikana huirudia rafu ile ile. Ila kama mlipata nafasi ya kupiga shuti na mkapiga nje, faida mliipata na hapakuwa na haja ya kurudi nyuma. Kama rafu ilistahili njano, kadi huweza kutolewa mpira utakaposimama.