Inawaka Ikiwa Baridi, Inagoma Ikiwa Moto: Somo kwa Wenye Porsche 911 SC

Somo hili ni la wenye 911 SC, zile za mwaka 1978 hadi 1983 zenye mfumo wa mafuta wa Bosch K-Jetronic, unaonyunyizia petroli kwenye injini bila kabureta. Ugonjwa wenyewe uko hivi: asubuhi unapiga starta mara moja tu, injini inashika. Unaendesha saa nzima, unazima, na ukirudi baada ya dakika 20 starta inazungusha weee, injini haishiki. Ukiiacha ipoe kabisa inawaka kama kawaida. Ukizima na kuwasha ndani ya dakika 2, pia inawaka. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, andika: ilizimwa saa ngapi, iligoma saa ngapi, ikakubali baada ya muda gani.

Injini hii inapozwa na feni inayozungushwa na mkanda. Ukizima, feni inasimama, lakini joto la silinda linaendelea kupanda hadi kwenye paipu na nozeli, vile vinywa vinavyonyunyizia petroli. Petroli iliyobaki humo huzuiwa isichemke na presha inayobaki kwenye mfumo. Presha hiyo ikivuja, petroli inageuka mvuke, na ukirudi kuwasha, nozeli zinapata mvuke badala ya mafuta.

Ndiyo maana nawasihi: msinunue kifaa chochote kabla ya kupima. Nimeona gari likibadilishiwa starta, koili na hatimaye kigawanya mafuta, kile kinachogawa petroli kwa kila nozeli, ambacho ni ghali kuliko vyote, kumbe kilichokufa ni valvu ndogo kwenye mdomo wa pampu. Inauma, kwa sababu geji ya presha ingeionyesha ndani ya nusu saa.

Hatua ya 1. Injini ikiwa moto na imegoma, hakikisha starta inazungusha kwa nguvu na plagi zinatoa cheche. Tumia taa ya kupimia cheche, usishike waya kwa mkono; SC ina CDI, mfumo wa cheche unaotumia kapasita, na umeme wake ni mkali sana. Cheche zikiwepo, endelea.

Hatua ya 2. Funga geji ya presha kati ya kigawanya mafuta na regyuleta ya joto, kile kifaa kinachopunguza mafuta kadiri injini inavyopata moto. Geji iwe na koki, na koki ikae upande wa regyuleta. Fanyia kazi hii nje, kizima moto kiwe karibu, na funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza, maana petroli itaruka.

Hatua ya 3. Washa injini hadi ipate moto, kisha soma. Koki ikiwa imefungwa unaona presha ya mfumo, ambayo inatakiwa iwe kama baa 4.5 hadi 5.2. Ukiifungua unaona presha ya udhibiti, ile inayosimamiwa na regyuleta, kama baa 3.4 hadi 3.8 injini ikiwa moto. Sasa zima, acha koki wazi, na kaa na saa yako. Itashuka kidogo mara moja, hiyo ni kawaida. Lakini baada ya dakika 20 inatakiwa bado iwe juu ya baa 1. Kiwango kamili cha mwaka wa gari lako kimo kwenye kitabu chake cha ufundi. Ikifika sifuri ndani ya dakika chache, umempata mwizi, bado kujua anaishi wapi.

Hatua ya 4. Rudia, ila safari hii funga koki mara tu unapozima. Presha ikishikilia, uvujaji uko kwenye regyuleta ya joto. Ikishuka vilevile, waliobaki ni wanne: valvu ya pampu inayozuia mafuta kurudi tangini, akumuleta ya mafuta, oringi ya valvu ya presha ndani ya kigawanya, na nozeli. Mimi huanza na valvu ya pampu, kisha akumuleta, ile inayotunza presha baada ya kuzima, ambayo ndani yake kuna springi na utando wa mpira unaochoka kwa umri. Nozeli zichomoe uziangalie midomo: ikilowa wakati injini imezimwa, zinavuja.

Kuna dalili nyingine ya kusikiliza. Injini ikishika kwa silinda moja mbili kisha ikachangamka polepole, ni mvuke. Ikishika huku ikitoa moshi mweusi na harufu ya petroli, shuku nozeli.

Na tafadhali, ikigoma usiendelee kupiga starta bila kikomo. Ikilipua kwa nyuma, boksi la hewa la plastiki linapasuka, na hapo una matatizo mawili.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Yangu ikiwa moto starta haizunguki kabisa, inapiga "tak" tu. Nayo ni presha?*

Marahaba. Hapana, huo ni umeme. Pima voti kwenye waya mwembamba wa starta wakati msaidizi wako anageuza ufunguo. Ikiwa pungufu sana kuliko ya betri, inapotelea kwenye swichi ya ufunguo au nyaya zilizochoka. Angalia pia mkanda wa athi unaounganisha giaboksi na bodi: injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo mkanda huo ukioza starta inakosa njia nzuri ya umeme.

*Kaka, mwenzangu ameweka kitufe kinachoamsha nozeli ya baridi, ile inayoongeza petroli wakati wa kuwasha injini baridi, hata injini ikiwa moto, na inawaka. Nimuige?*

Usimuige. Kitufe kinaongeza petroli pale ambapo mvuke umejaa, lakini uvujaji unabaki palepale na utazidi. Nozeli zikiwa ndizo zinazovuja, atakuwa anamwagia mafuta injini ambayo tayari imelowa.

*Mimi nina MGB ya kabureta mbili za SU, nayo inagoma ikiwa moto. Somo hili linanihusu?*

Vipimo hivi havikuhusu, ingawa joto ni lilelile. Kwenye MGB kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosi, upande uleule, na petroli inachemka kwenye vikombe vya kuelea, vile vinavyoihifadhi ndani ya kabureta. Anza kwa kuangalia kama ile bati ya kukinga joto bado ipo na imekaa sawa. Ukitaka kuwasha, kanyaga aksileta hadi chini, ishikilie hapo, ndipo upige starta. Kuipampu hakusaidii, kwa sababu SU haina pampu ya aksileta.