Kabla ya Kutua Luano kwa Ndege Ndogo ya Zamani

Ndege nyingi ndogo za miaka ya 1930 na 1940, kama Piper J-3 Cub na de Havilland Tiger Moth, husimama juu ya magurudumu makuu mawili na egemeo dogo mkiani. Kwa kuwa kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu hayo, ndege ikigusa lami ikiwa imepinda kidogo, mkia hutaka kuitangulia pua, na rubani asipoiwahi kwa pedali za usukani wa mkia, ndege huzunguka ghafla, ikavunja mguu wa gurudumu na kuburuza ncha ya bawa. Maandalizi ya kuzuia ajali hiyo hufanyika injini ingali baridi.

Anayekuja Lubumbashi aanze na hesabu ya hewa. Uwanja wa Luano uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 30 hewa yake huwa nyepesi kama ya mita 2,100 na zaidi. Kipima mwendo kitaonyesha namba zilezile ulizozoea, lakini kasi halisi itazidi kwa asilimia 11 hivi, na nguvu ya mgongano, ukikosea, kwa karibu robo. Ukiona ardhi inakimbia utashawishika kupunguza mwendo. Usikubali, maana ndege itapoteza uwezo wa kuelea ingali juu. Injini ya Cub yenye nguvu za farasi 65 nayo itatoa kama 50 tu, hivyo uamuzi wa kuacha kutua na kupaa tena lazima uje mapema.

Wakati wa kiangazi, pepo za kusini-mashariki huikata kwa ubavu njia ya kutulia ya Luano, yenye namba 07 na 25 (yaani inaelekea nyuzi 70 za dira upande mmoja na 250 upande wa pili), kwa hiyo ni heri kufika asubuhi. Tiger Moth ya asili haina breki, na kijiti chake cha mkiani kiliundwa kwa ajili ya nyasi. Kwangu mimi, upepo wa ubavuni juu ya lami ni sababu tosha ya kuahirisha safari.

Breki, kama zipo, zishike sawa pande zote mbili, na matairi yawe na upepo unaolingana. Ndege nyingi za enzi hizo zilitoka kiwandani na mkanda wa kiunoni pekee; nawasihi wenye nazo wamwombe fundi aliyeidhinishwa afunge mikanda ya mabega, kwani hata ajali ya mwendo mdogo hukipigiza kichwa kwenye dashibodi. Abiria naye aonyeshwe jinsi ya kufungua mlango, na aambiwe asiweke miguu kwenye pedali zilizo mbele yake.